Unasaji wa vigeu na usafi wa makro

Unasaji wa vigeu ni kasoro ya lugha za jamii ya Lisp inayotokea pale makro, yaani kanuni inayoandika upya msimbo kabla haujatekelezwa, inapoingiza jina linalogongana na la mtumiaji wake. Mfano ni makro ya kubadilishana thamani za vigeu viwili, ambayo huiweka ya kwanza katika kigeu cha ndani kiitwacho «muda»: ikiwa programu ya karakana ya mageti huko Katwe, Kampala, imeziita saa za kuchomelea kwa jina hilohilo, kigeu cha ndani hukifunika cha nje, thamani zote mbili hubaki zilivyokuwa, na hakuna ujumbe wa kosa unaotolewa, jambo linaloifanya kasoro hii iwe ya hatari hasa.

Katika Common Lisp kinga ya kawaida ni «gensym», inayozalisha jina jipya lisiloweza kugongana na lingine. Hata hivyo hutegemea umakini wa mwandishi, wala haizuii mtumiaji kulipa maana nyingine jina ambalo makro inalitegemea. Mwaka 1986 Kohlbecker, Friedman, Felleisen na Duba walipendekeza usafi, ambapo kipanuzi chenyewe, yaani sehemu ya lugha inayotekeleza makro, hutenganisha majina ya makro na ya mtumiaji. Clinger na Rees wakashughulikia pande zote mbili, yaani majina ambayo makro inayaingiza na yale inayoyategemea, mwaka 1991, na kiwango cha 1998 cha Scheme, lugha nyingine ya jamii ya Lisp, kikaulazimisha usafi huo. Hata hivyo, baadhi ya makro hunasa jina kwa makusudi, na hapo usafi hulazimika kulegezwa waziwazi.