Kivuli

Kompyuta ikishakuwa na vipimo vya uso wa pande tatu, yaani umbo, mkao na tabasamu, hupelekaje kila nukta kwenye pikseli za picha bapa? Kitendo hicho wengine hukiita makadirio, kama wachora ramani. Silipendi neno hilo. Mtanzania akisikia makadirio anawaza bajeti. Mimi nachagua kivuli. Pale kwenye magofu ya Kaole, nguzo za makaburi, zile zilizopambwa zamani kwa mabakuli ya Kichina, zina unene, lakini vivuli vyake vimelala chini bapa.

Tofauti ipo. Kivuli cha jua hakijali umbali. Cha kamera kinajali. Kompyuta huuzungusha uso kufuata kamera, hugawa upana na kimo kwa umbali (ndiyo maana pua iliyosogezwa karibu huvimba), kisha huhesabu pikseli kuanzia kona ya juu kushoto. Usipogeuza kimo, uso hutoka kichwa chini. Watafiti Blanz na Vetter, mwaka 1999, waliifanya safari ya kurudi: kutoka picha moja hadi umbo zima.

Na kivuli si mgeni kazini. Ofisi gani haijakudai nakala kivuli ya cheti?