Nasaba ya Lord Delamere

Mtu wa Mwika akimpokea mgeni humwuliza kwanza ukoo wake, ndipo amwulize shida yake. Hata mtoto wa shule ajua kutaja baba, babu, na baba wa babu, na ajua masale ya mpakani mwa kihamba yalipandwa na nani. Leo twataka kumwuliza swali hilo mgeni mmoja aliyevuma sana katika nchi ya jirani, yaani Lord Delamere, Mwingereza aliyekuwa kiongozi wa masetla wa Kenya hata alipofariki mwaka 1931. Je, alikuwa wa ukoo gani, na kwa nini alikiacha kihamba cha baba zake?

Jina la ukoo wake ni Cholmondeley. Wanafunzi wasihangaike na herufi zake, maana Waingereza wenyewe hulitamka kama "Chamli", na nusu ya herufi huachwa zimelala. Ni jina la kijiji katika jimbo la Cheshire, ambako wazee wa ukoo huu walikuwa na ardhi tangu zama za kale. Ardhi ndiyo iliyowapa watu jina. Delamere nalo ni jina la msitu wa jimbo hilohilo, na kwa Kifaransa cha kale maana yake ni "wa maziwa": maziwa ya maji, si ya ng'ombe, ingawa bwana huyu alifuga ng'ombe wengi.

Sisi tumezoea kuhesabu nasaba kwa kinywa. Waingereza wana njia nyingine. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila mtaa wa kanisa uwe na daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Ongeza hapo hati za wasia, mawe ya makaburi, na kitabu cha koo za makabaila kiitwacho Burke, kilichoanza kupigwa chapa mwaka 1826. Kwetu mlimani madaftari ya namna hiyo yaliletwa na wamisioni wa Leipzig, waliofika Machame mwaka 1893 na Mamba mwaka 1894. Anayetaka kwenda nyuma ya hapo hana budi kuketi na wazee.

Basi mwaka huohuo wa 1538 mfalme aliivunja nyumba ya watawa ya Vale Royal, iliyokuwa imeanzishwa na Mfalme Edward wa Kwanza miaka mia mbili na sitini hivi kabla yake. Mashamba ya watawa yakaangukia mikononi mwa matajiri, na mwanzoni mwa karne ya 17 yakanunuliwa na mwanamke. Huyo ndiye twapenda kumtazama kwa makini kuliko wote. Aliitwa Mary, binti wa pekee wa Christopher Holford. Baba yake alipokufa, baba yake mdogo, George Holford, alidai kwamba ardhi ya ndugu yake ni haki yake yeye, kwa kuwa marehemu hakuacha mwana wa kiume. Mary hakukubali. Kesi ilikwenda zaidi ya miaka arobaini, ikaisha kwa kuigawa ardhi baina yao. Mfalme James wa Kwanza alipofikia nyumbani kwake Vale Royal mwaka 1617, yasimuliwa kwamba alimwita Bibi Shujaa wa Cheshire. Wazee wetu, ambao kwa desturi hawakumpa binti kihamba, wangeisikia kesi hii wakatikisa vichwa. Lakini ukiondoa bibi huyu, hakuna Delamere.

Mary aliolewa na Sir Hugh Cholmondeley, na Vale Royal akampa mwanawe mdogo Thomas. Hapo ukoo ukagawanyika. Nyumba ya wakubwa ilibaki na kijiji cha jina lao. Nyumba ya Thomas ikakaa Vale Royal. Jambo hili lataka kukumbukwa, kwa sababu husemwa mara nyingi kwamba Delamere wa Kenya alikuwa mjukuu wa Sir Robert Walpole, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uingereza. Ni kweli binti wa Walpole aliolewa na Cholmondeley mwaka 1723, lakini aliolewa katika nyumba ya wakubwa, miaka mia hivi baada ya ndugu kuachana. Kwa njia hiyo damu ya Walpole haikufika Vale Royal. Jina moja si tumbo moja.

Kutoka kwa Thomas wa kwanza tunashuka mpaka Thomas mwingine, aliyepewa cheo cha Lord Delamere mwaka 1821. Mwanawe Hugh alirithi mwaka 1855, naye akamzaa Hugh wa pili, huyu wetu, mwaka 1870. Baba alipofariki mwaka 1887 kijana alikuwa na miaka kumi na saba tu.

Kwa sheria ya makabaila wa Kiingereza mwana wa kwanza hutwaa cheo, na kwa desturi nyumba na ardhi humfuata. Kwetu wa kwanza na kitinda mimba ndio wenye bahati, na wa kati hujitafutia. Tungetazamia, basi, kwamba waliokuja Afrika ni wale wasio na urithi. Ndivyo walivyokuwa Galbraith na Berkeley Cole, wana wadogo wa Earl wa Enniskillen huko Ireland, ambao dada yao Florence aliolewa na Delamere mwaka 1899. Lakini Delamere mwenyewe alikuwa mrithi. Hakufukuzwa na njaa ya ardhi. Alikuja kuwinda, akaiona nyanda ya Laikipia mwaka 1897, akaitamani.

Mwaka 1903 serikali ilimkodisha eka 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Baadaye akapata Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita. Mifugo yake ilikufa, ngano yake ikaliwa na kutu, naye akaiweka mali ya Cheshire rehani ili aanze tena. Ujasiri huo hatumnyimi. Lakini nchi ile haikuwa tupu. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia; na kwa mapatano ya mwaka 1911 wakaondolewa Laikipia pia. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913 walishindwa. Mary Holford alipewa miaka arobaini ya kusikilizwa. Wao kesi yao ilikataliwa pasipo kusikilizwa kiini chake.

Florence alifariki mwaka 1914, akiacha mtoto mmoja tu, Thomas, aliyezaliwa mwaka 1900. Huyo alirithi cheo mwaka 1931, na mwaka 1947 akaiuza Vale Royal, kihamba alichokinunua Bibi Mary miaka mia tatu na thelathini hivi kabla yake. Ukoo ukawa hauna tena makao Cheshire. Makao yao yakawa Soysambu. Baba yake alizikwa hukohuko, karibu na ziwa ambalo hata leo laitwa Elmenteita, kwa jina walilolipa Wamaasai.