Nyonga imevunjika au inauma? Hizi ndizo aina za upasuaji

Mzee akianguka uani na kushindwa kusimama, familia nyingi humkanda kwa maji moto, humpaka dawa na kusubiri. Kwa nyonga, kusubiri ni hatari. Mgonjwa anayelala wiki nyingi hupata vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda miguuni. Hayo ndiyo huua, mara nyingi siyo mfupa wenyewe.

Dalili kubwa: mguu mmoja unaonekana mfupi, unyayo umegeukia nje, na hawezi kukanyaga.

Upasuaji unategemea tatizo liko wapi.

1. Shingo ya mfupa wa paja imevunjika
Mishipa inayopeleka damu kwenye kichwa cha mfupa hupita hapa. Kwa kijana, daktari hujaribu kukiokoa kichwa kwa kukifunga na skrubu. Kwa mzee ambaye mfupa umeachana, skrubu mara nyingi hazisaidii. Kichwa hutolewa na kuwekwa cha chuma. Wengi huanza kusimama siku inayofuata.

2. Imevunjika chini ya shingo
Hapa damu inafika vizuri. Mfupa huungwa kwa bamba la chuma na skrubu, au kwa chuma kirefu kinachopitishwa ndani yake.

Kwa wazee waliovunjika, lengo ni kufanyiwa upasuaji ndani ya siku 2 tangu kufika hospitali, kama hali ya mwili inaruhusu.

3. Nyonga imeteguka
Hutokea sana kwenye ajali za barabarani. Msimvute mguu nyumbani! Hospitali watampa dawa ya usingizi na kuirudisha, vizuri zaidi ndani ya saa 6. Ikigoma kurudi, au kukiwa na vipande vya mfupa ndani, anapasuliwa.

4. Kichwa cha mfupa kinakufa
Damu ikikosa kufika, mfupa hufa taratibu. Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa selimundu, na ugonjwa huu ni chanzo kimojawapo. Vingine ni pombe nyingi na kutumia dawa za steroidi muda mrefu. Ukiwahi, daktari anaweza kutoboa mfupa ili kupunguza presha ndani. Kichwa kikishabonyea, kinachobaki mara nyingi ni nyonga bandia.

5. Nyonga imesagika
Kwanza ni dawa za maumivu, mazoezi, kupunguza uzito na kutembelea fimbo. Maumivu yakizidi hadi unakosa usingizi, unawekewa nyonga bandia kamili: kichwa na kikombe chake. Mfumo huu ulifanikishwa na daktari Mwingereza John Charnley mwaka 1962. Nyingi hudumu zaidi ya miaka 15.

Mtoto mwenye homa
Mtoto mwenye homa ambaye ghafla hataki kukanyaga au kuguswa mguu anaweza kuwa na usaha kwenye nyonga. Hii ni dharura. Apelekwe siku hiyohiyo, maana kiungo huoshwa kwa upasuaji kabla hakijaharibika.

Ukiwa Mwamanyili, ufanye nini?
Usimpakie mgonjwa kwenye bodaboda. Weka mto katikati ya miguu, ifunge pamoja kwa khanga, na asafirishwe akiwa amelala. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya ya Busega, upate eksirei na barua ya rufaa. Rufaa inaweza kuwa hospitali ya mkoa Bariadi, Bugando jijini Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Uliza mapema kuhusu gharama za vyuma, bima na ndugu wa kuchangia damu.

Baada ya kuwekewa nyonga bandia
Miezi ya mwanzo usikalie kigoda, usikunje nne, usichuchumae. Choo cha shimo kiwekewe kiti cha juu kabla mgonjwa hajarudi nyumbani. Fundi seremala wa kijijini anaweza kukitengeneza. Mazoezi ya kutembea yasikatishwe. Jeraha likitoa usaha, au ndama ya mguu ikivimba na kuuma, rudi hospitali haraka.