Ngoja Ngoja Huumiza Matumbo: Orodha za Kungojea Upasuaji Katika Hospitali za Umma za Uingereza Tangu 1948

1. Utangulizi

Wahenga walisema subira huvuta heri. Lakini ni wao pia walionena kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Historia ya upasuaji katika hospitali za umma za Uingereza imekaa kati ya methali hizo mbili. Mgonjwa mwenye ngiri, mwenye mtoto wa jicho au mwenye nyonga iliyosagika hafi leo wala kesho, na kwa hiyo huambiwa angojee. Huku akingojea, anaacha kazi, anaacha kusoma, anaacha kutembea, na pengine ugonjwa uliokuwa mwepesi kutibika unageuka kuwa mzito. Makala haya yanafuata jitihada za nchi hiyo za kupunguza orodha za wangojeao. Yanauliza ni hatua zipi zilizofaa, zipi zilizodanganya, na kwa nini ushindi uliopatikana haukudumu.

2. Deni la kurithi

Tarehe 5 Julai 1948 Huduma ya Taifa ya Afya ilianza kazi chini ya waziri Aneurin Bevan, katika serikali ya Clement Attlee. Kanuni yake ilikuwa moja: kila mtu atibiwe bila kulipa wakati wa kuugua, na gharama zitoke katika hazina ya taifa. Hospitali za miji na zile za mashirika ya hisani ziliingia mikononi mwa serikali pamoja na majengo yao makuukuu na wagonjwa wao. Karibu watu nusu milioni walikuwa tayari wameandikwa wakingojea kulazwa. Ilitumainiwa kwamba orodha hiyo ni mabaki ya umaskini na ya vita, na kwamba ingekwisha. Haikwisha.

Sababu zake ni tatu. Ya kwanza ni kwamba tiba yenyewe hukua. Mnamo Novemba 1962, katika hospitali ya Wrightington, John Charnley alianza kupandikiza nyonga bandia ya chuma na plastiki ambayo iliweza kudumu miaka mingi. Kabla ya hapo, mzee mwenye nyonga iliyosagika hakuwa na tiba ya maana ya kungojea. Kila ufundi mpya ulizaa wangojeaji wapya. Sababu ya pili ni uhaba wa majengo: mpango mkubwa wa kujenga hospitali ulitangazwa mwaka 1962 tu, chini ya waziri Enoch Powell, naye mwenyewe, katika kitabu cha 1966, alionyesha shaka kubwa kwamba orodha zingeweza kufutwa. Ya tatu ni mapatano ya 1948, ambayo yaliwaruhusu madaktari bingwa kuwatibu wagonjwa wa kulipa ndani ya hospitali za umma. Mwenye fedha aliweza kuipita foleni, na wakosoaji wakauliza: je, daktari anayenufaika na urefu wa foleni ana haraka gani ya kuifupisha?

3. Hesabu ya foleni

Kosa lililorudiwa kwa miaka mingi lilikuwa kuitazama orodha kama chungu kilichojaa, ambacho kinatosha kumwagwa mara moja. Mara kwa mara serikali zilitoa fedha za muda, madaktari wakapasua usiku na mwisho wa juma, orodha ikashuka. Fedha zikaisha, ikapanda tena. Ukweli ni kwamba orodha inafanana zaidi na mto: yapo maji yaingiayo na yapo yatokayo. Hospitali inayopokea wagonjwa 22 kwa juma na kuwapasua 20 itaongeza watu 100 katika orodha yake kwa majuma 50, hata kama ilianza bila mtu yeyote. Ukiwapasua hao 100 kwa jitihada ya pekee bila kurekebisha ile tofauti ya wawili, mwaka unaofuata utawakuta wengine 100 mlangoni.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwamba wingi wa majina si kipimo cha mateso. Orodha ya watu 1,000 katika hospitali inayopasua 100 kwa juma ni kungojea majuma 10. Orodha ya watu 200 mahali panapopasuliwa 4 kwa juma ni kungojea majuma 50. Mgonjwa hasumbuliwi na idadi ya walio mbele yake bali na siku anazokaa na maumivu.

4. Kutoka idadi hadi muda

Fikra hiyo iliingia polepole katika siasa. Mwaka 1991 serikali ya John Major ilitangaza Mkataba wa Mgonjwa, uliosema kwamba mtu yeyote asingoje zaidi ya miaka 2 kulazwa. Leo ahadi hiyo inaonekana hafifu, lakini kwa mara ya kwanza taifa zima liliahidiwa muda wenye mwisho. Mwaka 1997 chama cha Labour kilirudi kwenye idadi: kiliahidi kupunguza majina 100,000 kutoka orodha iliyokuwa imezidi milioni moja. Orodha ilipanda kwanza, ikakaribia milioni 1.3 mwaka 1998, kisha ikashuka hadi ahadi kutimizwa mwaka 2000. Ila ilikuwa rahisi kupunguza majina kwa kuwapasua wengi wenye maradhi madogo na kuwaacha wachache wenye maradhi makubwa. Tena, wengi walikwama kabla ya kumwona bingwa, mahali ambapo jina lilikuwa bado halijaingia katika orodha iliyohesabiwa.

Mpango wa Julai 2000 ulibadili shabaha. Uliagiza kwamba ifikapo mwisho wa 2005 mgonjwa asingoje kulazwa zaidi ya miezi 6. Baadaye ikawekwa shabaha ya majuma 18, tangu barua ya daktari wa mtaani hadi matibabu kuanza, ifikapo mwisho wa 2008. Saa ilianza kuhesabiwa pale mgonjwa alipoanza kungojea kweli.

Shabaha hizo zilifuatana na mambo manne. Kwanza fedha: bajeti ya 2002 iliongeza michango ya bima ya taifa kwa ajili ya afya. Pili, vituo maalumu vya upasuaji uliopangwa vilitengwa na huduma ya dharura, ili ajali ya usiku isifute miadi ya asubuhi. Baadhi ya vituo hivyo viliendeshwa na makampuni binafsi, jambo lililozusha mabishano makali. Tatu, upasuaji wa kurudi nyumbani siku ile ile ulienea. Wazo hilo halikuwa jipya: mwaka 1909 James Nicoll wa Glasgow alikwisha kutoa taarifa ya upasuaji 8,988 wa watoto ambao hawakulazwa, lakini mazoea ya kitanda yalikuwa na nguvu kuliko ushahidi. Nne, shinikizo: tangu 2001 hospitali zilipewa nyota hadharani, na wakurugenzi walioshindwa waliweza kupoteza kazi.

Shinikizo hilo lilizaa matunda na miiba pia. Mwezi Desemba 2001 wakaguzi wa hesabu za serikali walionyesha kwamba hospitali 9 zilikuwa zimerekebisha orodha zao isivyostahili. Hata hivyo, ulinganisho na Wales, ambayo tangu 1999 iliongoza afya yake yenyewe na haikutumia ukali ule, ulionyesha kwamba huko wagonjwa waliendelea kungojea muda mrefu zaidi. Shabaha ya majuma 18 ilifikiwa England mwaka 2008.

5. Ushindi usiodumu

Baada ya 2010 kasi ya kuongeza fedha ilishuka sana, huku idadi ya wazee ikiongezeka. Tofauti ya wale wawili kwa juma ikarudi kimya kimya. Kipimo cha kuwa asilimia 92 ya wangojeao wawe chini ya majuma 18 kilifikiwa kwa mara ya mwisho mapema mwaka 2016. Kabla ya janga la korona orodha ilikwisha kuzidi milioni 4. Katika 2020 vyumba vya upasuaji vilifungwa kwa miezi. Na mwezi Septemba 2023 orodha ilifikia takriban milioni 7.7. Tangu hapo imeshuka kidogo. Mwezi Januari 2025 serikali iliahidi kuirudia asilimia 92 ifikapo Machi 2029.

6. Hitimisho

Kutokana na historia hii mambo matatu yanajitokeza. Orodha hupungua kwa kusawazisha waingiao na watokao kila juma, wala si kwa kampeni za msimu. Kipimo kinachofaa ni muda wa mgonjwa, si wingi wa majina. Na kipimo chochote kikitumiwa kama fimbo sharti kilindwe na wakaguzi.

Lipo na la nne, ambalo linamgusa msomaji wa Kongo. Mwaka 2015 tume ya jarida la The Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji ulio salama, wa gharama nafuu na kwa wakati, na kwamba upasuaji milioni 143 zaidi ulihitajika kila mwaka katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi wao hawamo katika orodha yoyote. Pale ambapo mgonjwa hulipa mwenyewe, na barabara ni mbovu, mwanamke mwenye fistula au mkulima mwenye ngiri hubaki kijijini bila kuhesabiwa, na hospitali huonekana haina foleni. Orodha ndefu ya Uingereza ni aibu kwa sababu ni ahadi iliyocheleweshwa. Lakini mahali pasipo ahadi hapana hata orodha, na kazi ya kwanza ya hospitali ya umma huko ni kuandika majina ya wanaongoja.