Kizibo Kilichokataa Kukaa

Wahenga walituachia neno: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimelifundisha miaka mingi na bado naliamini. Lakini historia ya mitambo yatupa la kuongezea: kabla hujaziba, uliza kinachovuja kinasukumwa na nini.

Kila kinachozunguka chini ya mzigo kinahitaji mafuta. Iwe ekseli ya behewa au shafti ya mashine ya kusaga, chuma kikisuguana na chuma kikavu hupata moto, hulika na mwishowe hukwama. Katika karne ya 19, reli na viwanda vilipoenea Ulaya, mizigo ilizidi kuwa mizito na mwendo ukaongezeka. Desturi ya mafundi ilikuwa kutoboa tundu juu ya beringi ili mafuta yatiririke hadi kwenye shafti. Nani angebisha? Mafuta hushuka, basi na yatiwe juu.

Huko Uingereza, Taasisi ya Wahandisi Mitambo ilimpa mhandisi Beauchamp Tower kazi ya kuchunguza msuguano huo, na taarifa yake ya kwanza ikatoka mwaka 1883. Alitumia shafti yenye kipenyo cha inchi 4. Beringi iliikalia nusu ya juu, na upande wa chini wa shafti ulizama katika mafuta. Baada ya majaribio kadhaa, beringi ikatobolewa tundu juu ili ijaribiwe kwa njia ile ya kawaida. Mtambo ulipowashwa, mafuta yakafanya kinyume: yakapanda kupitia tundu na kumwagika nje.

Wakaziba kwa mbao. Kizibo kikasukumwa polepole mpaka kikatoka. Hapo Tower akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote: pale penye kizibo akafunga geji. Ikaonyesha zaidi ya ratili 200 kwa kila inchi ya mraba, ilhali mzigo wenyewe, kwa wastani, ulikuwa ratili 100 tu.

Maana yake ni kwamba shafti ilikuwa haigusi beringi. Mzigo wote ulielea juu ya utando mwembamba wa mafuta. Lile tundu lililodhaniwa kuwa mlango wa kuingizia mafuta lilikuwa mlango wa kuyatoa, kwa kuwa lilitobolewa pale penye shinikizo kubwa. Mwaka 1886 Osborne Reynolds, profesa huko Manchester, alieleza kwa hesabu jinsi shafti inayozunguka inavyoyavuta mafuta na kuyabana katika nafasi inayozidi kuwa nyembamba, kama kabari, hata yakaweza kubeba mzigo. Tangu hapo wahandisi wakajua sababu ya kupitishia mafuta upande usiolemewa.

Nilipokuwa kijana nilimfahamu fundi mmoja wa mashine ya kusaga ambaye kila jioni alitandaza kipande cha boksi chini ya injini. Asubuhi alikisoma kama barua: tone limeangukia wapi, ni jipya au la jana, ni jeusi au safi. Hakushika spana kabla ya kumaliza kusoma.

Chuoni niliwasimulia wanachuo habari za Tower, ingawa hawakuja kusomea ufundi. Darasani nako kuna uvujaji. Yupo mtoto anayesinzia kila asubuhi, na yupo anayechelewa kila siku ya gulio. Mwalimu mwepesi wa fimbo huziba tundu, darasa likatulia, naye akadhani amemaliza kazi. Kumbe mtoto yule ameamka alfajiri kuchota maji, au ameshinda na mzigo sokoni ili nyumbani kupatikane chakula. Shinikizo li palepale, na siku moja kizibo kitatoka: mtoto ataacha shule.

Ufa na uzibwe, ndugu msomaji. Ila kwanza tufunge geji.