Upishi wa Wakajuni
Upishi wa Wakajuni ni wa kusini mwa Louisiana, Marekani, na ni wa wazawa wa Waakadia ambao Waingereza walianza kuwafukuza mwaka 1755 kutoka sehemu za Kanada ya leo. Mikahawa mingi huutangaza kwa ukali wa pilipili, lakini roho yake imo katika sufuria ya nyumbani: unga wa ngano hukaangwa taratibu kwenye mafuta mpaka ugeuke kahawia, kisha hutiwa vitunguu, seleri na pilipili hoho, ndipo vifuate kuku na soseji ya moshi, mchuzi uliwe kwa wali. Wapo wanaopinga, wakitaja samaki wa kubabuliwa kwa viungo aliyevuma miaka ya 1980 katika mkahawa wa Paul Prudhomme, New Orleans. Mpishi huyo, wanakumbusha, alikuwa Mkajuni wa Opelousas. Ni kweli, ila samaki yule alikuwa ubunifu wake yeye, na kikaango chenye moto mkali wa kumbabua hujaza nyumba moshi.