Mtu Asiyezaliwa: Chama na Kampuni Mbele ya Sheria

Wasikilizaji wetu wa Ngara na Biharamulo, sogeeni karibu na redio. Andikeni juu ya karatasi zenu maneno haya matatu: MTU WA SHERIA. Mkisha kuandika, sikilizeni.

Mwaka 1936 wakulima wa kahawa wa Bugufi, huko Ngara, waliandikisha chama chao cha ushirika. Mkulima mwenye gunia moja hana nguvu mbele ya mnunuzi. Lakini wengi wakiweka magunia yao pamoja, mnunuzi huwasikiliza.

Sheria ya vyama vya ushirika ilikuwa imetungwa Tanganyika mwaka 1932. Chama kikisha kuandikishwa, kilihesabiwa kuwa mtu mbele ya sheria. Maana yake, kiliweza kuwa na mali kwa jina lake, kufanya mapatano, kushtaki na kushtakiwa. Mwenyekiti akifa, chama hakifi. Mweka hazina akihamia Biharamulo, ghala la chama haliondoki naye.

Msidhani kwamba mtu wa namna hiyo yuko mbali nanyi. Halmashauri ya kijiji chenu ni mtu wa sheria. Inaweza kuwa na mali, na inaweza kushtaki na kushtakiwa.

Sasa tuulize: je, mtu huyu asiyezaliwa na mama apewe haki zote tulizo nazo sisi?

Labda mmoja wenu atajibu upesi, "Asipewe hata moja!" Ngoja kidogo, ndugu. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika katika nchi nzima. Ilikuwa na sababu zake: katika baadhi ya vyama fedha ziliharibiwa, na Serikali ilitaka kila kijiji kiwe ushirika wenyewe. Basi vijiji vikakusanya mazao, na mamlaka za mazao zikayanunua. Wanachama hawakupigiwa kura ya kuulizwa. Vyama walivyovijenga kwa miaka mingi viliondoka kwa amri moja. Chama hakina tumbo la kuona njaa; aliyeumia ni mkulima aliyeweka jasho lake ndani yake. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, lakini kujenga tena kulikuwa kazi kubwa.

Kwa hiyo mali ya chama inastahili kulindwa, kwa kuwa nyuma yake wako watu.

Lakini kuna upande wa pili. Tuondoke Ngara, twende pwani, kiasi cha miaka 50 kabla ya chama cha Bugufi. Mwaka 1884 Carl Peters alizunguka Usagara na nchi za jirani, akawatilisha machifu sahihi katika mikataba. Mwaka 1885 mfalme wa Ujerumani aliipa kampuni yake barua ya kutawala nchi hizo. Kampuni ya biashara ikawa serikali! Mwaka 1888 ilianza kutoza ushuru katika bandari za pwani, na watu wakainuka wakiongozwa na Abushiri bin Salim wa Pangani. Kampuni ilishindwa, ikaomba majeshi. Abushiri alinyongwa mwaka 1889. Mwaka 1891 Serikali ya Ujerumani ilichukua utawala wenyewe.

Hapo mnaona hatari. Kampuni ile ilipewa zaidi ya haki za mtu, na wenyeji hawakuwa na baraza la kuishtaki.

Basi mpaka uwekwe wapi? Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kura raia aliyetimiza miaka 18. Kampuni, hata ikiwa na miaka 100, haina kura. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo huitazama kampuni mpaka ndani: ikiwa hisa zake nyingi ni za wageni, huhesabiwa kuwa mgeni, na hupewa ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu.

Jambo hili linawahusu ninyi. Mwaka 2021 iliundwa kampuni ya Tembo Nickel kwa ajili ya madini ya nikeli ya Kabanga, huko huko Ngara. Katika kila hisa 100, Serikali ina 16. Kampuni ni mtu wa sheria. Mkulima wa Ngara naye ni mtu. Lakini mkulima huyu huugua, huzeeka, na ana shamba moja tu.

Sisi twasema hivi: chama na kampuni vipewe haki zinazohitajiwa na kazi yao, yaani mali, mapatano na kusikilizwa mahakamani. Kura na utawala vibaki kwa waliozaliwa. Na anayeweza kushtaki lazima aweze kushtakiwa, hata na mtu maskini.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Mtu wa sheria ni nini? Taja mmoja aliye kijijini kwenu.
2. Chama kikivunjwa, ni nani anayeumia?
3. Kwa nini kampuni haina kura?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.